Mji Mdogo Uliopunguza Ajali: Tujifunze Nini?

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu umezoea kusoma habari za malaria, kuhara, minyoo na maji ya kuchemsha. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo watu wengi hawalihesabu kuwa ni la afya, nalo ni ajali za barabarani mjini. Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati iliyo karibu na barabara kuu. Siku ya gulio, sindano ya kushonea vidonda haipumziki. Wengi tunaowashona si wenyeji wa mjini. Ni watu wa vijijini waliokwenda kuuza kuku na ndizi, wakavuka barabara wakiwa na mzigo kichwani.

Shida hii si yetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2023 kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 1,190,000 walikufa duniani kwa ajali za barabarani. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki, yaani watu kama mimi na wewe.

Watu husema ajali haina kinga. Msemo huu husemwa kwa nia njema msibani, lakini mimi haunipendezi. Zamani watu waliamini kuwa hata ndui haina kinga. Chanjo ikapatikana, ikapelekwa mpaka kwenye vijiji vya mbali, na mwaka 1980 ikatangazwa kuwa ndui imekwisha duniani. Je, ajali za mjini nazo zina kinga? Hebu tuangalie mji mmoja ambao ulijaribu.

Mji huo unaitwa Pontevedra. Uko kaskazini magharibi ya Hispania, katika jimbo la Galicia, na una watu wapatao 80,000. Kabla ya mwaka 1999 mji ulikuwa umejaa magari. Katika mtaa mmoja wa katikati yalipita magari 14,000 kwa siku. Wazee hawakuthubutu kutoka nje, na watoto walifungiwa ndani. Mwaka huo wananchi walimchagua meya mpya, Ndugu Miguel Anxo Fernández Lores, ambaye kwa kazi yake ni daktari. Wakamchagua tena na tena katika chaguzi zilizofuata.

Daktari mzuri huuliza kwanza ugonjwa umetoka wapi kabla ya kuandika dawa. Meya huyu na wenzake waliuliza: magari haya yote yanatafuta nini? Wakagundua kuwa mengi hayakuwa na shughuli yoyote pale katikati. Mengine yalikuwa yanapita tu kwenda upande wa pili wa mji. Mengine yalikuwa yanazunguka na kuzunguka kutafuta mahali pa kuegesha. Yaliyokuwa na kazi ya lazima, kama gari la wagonjwa, gari la kushusha bidhaa dukani au gari la mtu anayekaa pale, yalikuwa machache.

Basi katika mwezi wa kwanza tu wa uongozi wake walifunga mji wa kale, eneo la mita za mraba kama 300,000, likawa la waendao kwa miguu. Nafasi za kuegesha barabarani ziliondolewa. Badala yake pakawekwa maegesho ya bure kando ya mji, na mengine chini ya ardhi. Mtu anaacha gari pale, anamalizia safari kwa miguu. Bwana na bibi harusi wanaruhusiwa kuingia na gari lao, lakini wageni wote wanatembea. Msibani ni vivyo hivyo. Mimi niliposoma jambo hilo nilicheka, maana kwetu harusi bila msafara wa magari yanayopiga honi huhesabiwa si harusi.

Wenye maduka waliogopa kwamba wateja watakimbia. Lakini mtu anayetembea huona kilichomo dukani, na aliye ndani ya gari hupita tu. Maduka madogo yaliendelea, na watu wapatao 12,000 wakahamia katikati ya mji.

Katika mitaa ambayo magari yaliruhusiwa kuendelea kupita, walifanya mambo mawili. La kwanza, mwendo uliwekwa usizidi kilometa 30 kwa saa. La pili, hawakutegemea kibao peke yake. Walibadili barabara yenyewe. Njia za miguu zilipanuliwa na njia ya magari ikabanwa. Vivuko viliinuliwa mpaka vikalingana na njia ya miguu. Fikiri maana yake, ndugu msomaji. Mahali pengi mtu ndiye anayeshuka barabarani akiomba apite. Pale mtu anakwenda sawasawa, na gari ndilo linalopanda, kwa hiyo dereva lazima apunguze mwendo hata kama ni mkaidi.

Matokeo yake ni haya. Kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2018, katika mitaa ileile ambayo watu 30 walikufa kwa ajali kati ya mwaka 1996 na 2006, katika miaka kumi iliyofuata walikufa watu 3. Tangu mwaka 2009 hakuwa amekufa hata mmoja. Mwaka 2021 nchi nzima ya Hispania iliweka kikomo cha kilometa 30 kwa mitaa ya mjini yenye njia moja kila upande. Watu wa Pontevedra walikuwa wamekwisha kuzoea.

Kwa nini 30, kwa nini isiwe 50? Jambo hili linafaa lieleweke vizuri, kwa sababu madereva wengi husema tofauti ni ndogo. Wanakisomo wanaweza kulipima wenyewe katika uwanja wa shule. Simameni mahali pamoja, halafu mtu mmoja ahesabu hatua ndefu 13 na kuchomeka kijiti. Hizo ni kama mita 13. Sasa mfikirie kijiti kile ni mtoto aliyekimbilia mpira.

Dereva akimwona mtoto, hupita kama sekunde moja kabla mguu wake haujagusa breki. Hiyo ni hali ya mwili wa binadamu, hata awe hodari namna gani. Kama alikuwa anakwenda kilometa 30 kwa saa, katika sekunde hiyo gari limekwenda mita 8. Kisha breki hushika, na kama barabara ni kavu na breki ni nzima, gari husimama baada ya mita 5 nyingine. Jumla ni mita 13. Amesimama penye kijiti.

Sasa mwenzake alikuwa anakwenda 50. Katika sekunde ileile moja gari lake limekwenda karibu mita 14, na breki bado haijaguswa! Maana yake ni kwamba pale ambapo wa kwanza amekwisha simama, huyu wa pili anamgonga mtoto kwa mwendo wote wa 50. Na nguvu ya pigo haiongezeki kidogo kidogo kama mwendo unavyoongezeka. Gari linalokwenda 50 lina nguvu karibu mara tatu ya lile linalokwenda 30. Mfupa wa paja na fuvu la kichwa havikuumbwa kwa pigo la namna hiyo. Anayegongwa kwa 30 mara nyingi anaishi. Wa 50 na kuendelea ndio wale tunaowafunika shuka.

Katika nchi yetu mwendo unaoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi ni kilometa 50 kwa saa. Hapo ni pale dereva anapotii.

Najua msomaji atasema kwamba Hispania ina fedha. Ni kweli, hatutachimba maegesho chini ya ardhi katika miji yetu ya wilaya. Lakini mambo mengi yaliyofanyika kule hayakuwa ya fedha nyingi, na hapa nchini pia yamefanyika. Kuanzia mwaka 2012, shirika liitwalo Amend lilianza kazi Dar es Salaam katika shule za msingi ambazo wanafunzi wake walikuwa wakigongwa sana. Dar es Salaam si mji mdogo, lakini barabara ipitayo mbele ya shule ni ileile popote. Waliweka matuta, vivuko, alama, nguzo za kuzuia magari kupanda njia ya miguu, na kwa shule nyingine walihamisha lango likatazama upande wenye magari machache. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa mwaka 2019. Kuhamisha lango! Kijiji chochote chenye fundi na matofali kinaweza kufanya hivyo.

Tembea katika mji wetu wa wilaya siku ya gulio uone. Njia ya miguu ipo, lakini juu yake pamepangwa ndoo, magodoro, mitumba na pikipiki za bodaboda zinazosubiri abiria. Mtu mwenye mzigo aende wapi? Anashuka barabarani. Hapo nyuma yake basi dogo linatoka kituoni likigombea abiria na jingine. Watu wakigongwa, tunamlaumu aliyegongwa kwamba alikuwa mshamba wa barabara. Mimi nasema njia yake ilikuwa imechukuliwa.

Jambo la kwanza basi ni kuitaka halmashauri irudishe njia ya miguu kwa wenye miguu, na iwape wauzaji mahali pao panapofikika. Wafanyabiashara wadogo nao ni watu wetu, wasifukuzwe tu bila kuonyeshwa pa kwenda. Pikipiki zipewe kituo kilichotengana na kivuko. Magari yasiruhusiwe kuegesha karibu na kona au karibu na kivuko, kwa sababu mtoto ni mfupi, na gari lililoegeshwa humficha kabisa mpaka atokeze katikati ya barabara.

Pengine hamjui pa kupeleka maombi ya tuta au kivuko. Barabara kuu na za mikoa zinatunzwa na TANROADS. Barabara za wilaya na za mitaa zinatunzwa na TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Serikali ya kijiji au ya mtaa iandike barua, impitishie diwani, na ieleze watu wangapi wamegongwa pale na saa ngapi. Hapa zahanati yaweza kusaidia, kwa kuwa tunaandika kila majeruhi katika daftari. Barua yenye hesabu husomwa kwa makini kuliko barua ya malalamiko.

Kwa wapanda pikipiki sitasema mengi, ila moja. Uchunguzi uliojumlisha tafiti za nchi nyingi umeonyesha kuwa kofia ngumu hupunguza majeraha ya kichwa kwa kiasi cha asilimia 69, na vifo kwa asilimia 42. Lakini kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani inakinga usukani. Abiria naye ana kichwa. Mama anayeogopa kofia itaharibu nywele ajue kwamba sisi tukishona kichwa, nywele tunanyoa kwanza.

Kwa waendao kwa miguu mahali pasipo na njia yao: tembeeni upande wa kulia, ili magari ya upande huo yaje mkiyaona uso kwa uso. Usiku vaeni nguo nyeupe au shikeni tochi. Mtoto wa darasa la kwanza au la pili hawezi kukadiria kasi ya gari, hata ukimfundisha kila siku. Avushwe kwa mkono.

Na ajali ikitokea? Watu hukimbilia kumnyanyua majeruhi na kumtupa nyuma ya gari kama gunia. Kama hayuko mahali pa hatari, msimwinue kwa pupa. Huenda shingo au uti wa mgongo umevunjika, nanyi mkimkunja mnaweza kumlemaza maisha. Mbebeni watu wanne au watano juu ya ubao, mmoja ashike kichwa kisicheze. Damu ikitoka kwa wingi, kunja kanga safi, weka juu ya jeraha na ukandamize kwa nguvu bila kuachia. Usiweke majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Usimpe maji wala soda, maana anaweza kupaliwa, na hospitali wakitaka kumpasua tumbo lililojaa ni hatari. Mguu uliovunjika ufungwe kwa kijiti pande mbili kama ulivyo, usijaribu kuunyosha. Fomu ya polisi, PF3, ni ya lazima, lakini mtu mmoja aende polisi wakati wengine wanamleta mgonjwa. Damu haisubiri fomu.

Mkifika, tuelezeni aligongwa saa ngapi, na kama alipoteza fahamu hata kwa dakika moja. Wengine huona mgonjwa anaongea wakamrudisha nyumbani. Aliyepigwa kichwani aangaliwe mchana na usiku. Akianza kutapika mara kwa mara, kuumwa kichwa kunakozidi, kusema ovyo, kutokwa na maji au damu masikioni, au akilala usingizi usioamshika, aletwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Gongeni mlango wa nyumba ya mganga.