Wahisani wapunguza mfuko: mwananchi anataka kipi kilipwe kwanza?

TANGU Januari 20, 2025, siku Rais Donald Trump wa Marekani alipotia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, swali linaloulizwa na wafanyabiashara wengi halina siasa ndani yake: fedha hizo zilikuwa zikipita wapi, na zikikauka ni nani atakayeona pengo kwanza? Siku 90 hazikuisha kwa heri. Julai 1, 2025 shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, lilifungwa rasmi baada ya kuwapo kwa zaidi ya miaka 60.

Jibu la haraka analo mwenye nyumba aliyepangisha ofisi ya mradi, mwenye hoteli aliyezoea semina, mwenye gereji ya magari ya mradi, mzabuni wa karatasi na wino, na kijana mhitimu aliyekuwa akiajiriwa kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Hao hawahitaji kuelezwa na gazeti. Jibu la pili ni gumu zaidi: ikiwa mfuko wa wahisani unapungua, kitu gani kilipwe kwanza kwa fedha zetu wenyewe? Na mwananchi wa kawaida ameulizwa?

Ameulizwa. Tena mara nyingi.

Mwaka 2007 taasisi ya utafiti ya REPOA ilifanya uchunguzi ulioitwa Maoni ya Watu, ikiwa ni sehemu ya kupima utekelezaji wa MKUKUTA. Wakati huo Tanzania ilikuwa kipenzi cha wahisani. Mwaka 2001 ilikuwa imekamilisha masharti ya kusamehewa madeni chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, uchumi ulikuwa ukikua kwa takriban asilimia 7 kwa mwaka, na karibu asilimia 40 ya bajeti ilitegemea fedha za nje. Kwenye karatasi kila kitu kilipendeza. Walioulizwa, hata hivyo, walitoa majibu mawili kwa pamoja: shule na barabara zimekuwa bora, lakini hali ya mfukoni imekuwa mbaya. Waliosema maisha yao yamerudi nyuma walikuwa wengi kuliko waliosema yamesonga mbele. Malalamiko makubwa yalikuwa gharama za maisha, bei ya pembejeo na maji.

Maji hayo hayo ndiyo yanayojitokeza katika uchunguzi wa Afrobarometer, ambao umekuwa ukiwahoji Watanzania tangu mwaka 2001. Mwaka huu namba moja, mwaka ule namba mbili, lakini hayatoki kwenye orodha. Yanafuatana na huduma za afya na barabara. Hata maandalizi ya Dira ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 17, 2025, yalikusanya maoni ya watu zaidi ya milioni moja. Kwa hiyo asije mtu akasema hatujui wananchi wanataka nini. (Kujua ni jambo moja, kufuata ni jingine. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilikuta watu wanane hivi katika kila kumi wanataka chama kimoja kiendelee, na mwaka uliofuata nchi ikaingia vyama vingi. Baadhi yetu tunashukuru.)

Mwandishi wa safu hii amesoma biashara, si siasa, na kinachomvutia katika majibu hayo ni namna yanavyosemwa. Mwanakijiji husema anataka maji. Hasemi anataka mradi wa maji. Kwa mhasibu tofauti hiyo ni kubwa: mradi ni matumizi ya mtaji yanayofanyika mara moja, maji ni gharama ya kila mwezi.

Pampu za mataifa matano

Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Lengo lilikuwa kila mwanakijiji awe na maji safi ndani ya mita 400 ifikapo mwaka 1991. Wahisani wakaja na mikoa ikagawanywa. Sweden ilichukua Mwanza, Mara na Kagera. Finland ikaenda Mtwara na Lindi, Denmark ikaenda Iringa, Mbeya na Ruvuma, Norway ikashika Kigoma na Rukwa, na Uholanzi ikafanya kazi Shinyanga na Morogoro.

Vifaa navyo vikaja kwa njia hiyo hiyo. Wafini walileta Nira, Waholanzi wakaleta SWN, na baadaye zikaingia India Mark II na Afridev. Zote ni pampu nzuri. Tatizo lake linamhusu zaidi msomaji wa ukurasa huu kuliko mhandisi.

Jiweke katika nafasi ya mwenye duka la vipuri Masasi au Kahama. Ukitaka kuweka mipira, vyuma vya kuvutia na valvu, utaweka vya pampu ipi? Soko la nchi nzima lingekutosha, lakini limekatwa vipande kwa mipaka ya wafadhili, na kila kipande ni kidogo. Zaidi ya hapo, mradi unapokuwa hai huleta vipuri vyake wenyewe, bila ushuru, na kuvigawa bure au kwa bei ya kutupa. Utashindana vipi na bure? Huagizi. Mtaji wako unakwenda kwenye vipuri vya baiskeli na pikipiki, ambavyo vina mnunuzi kila siku. Kisha mradi unafungwa, wataalamu wanapanda ndege, mpira wa bei ndogo unachakaa, na kisima kinasimama kwa sababu hakuna duka lenye mpira huo kwa kilomita 100.

Tangu sera ya maji ya mwaka 1991 wanakijiji walitakiwa wachangie gharama, na sera ya mwaka 2002 ikawakabidhi uendeshaji na matengenezo. Walikabidhiwa pampu ambayo vipuri vyake haviuzwi.

Matokeo yake yalihesabiwa. Wizara ya Maji iliporatibu kuhesabu vituo vya maji vijijini mwanzoni mwa miaka ya 2010, orodha ilifika vituo takriban 74,000. Vilivyokuwa vikifanya kazi vizuri vilikuwa zaidi kidogo ya nusu. Karibu vinne katika kila kumi vilikuwa havitoi maji kabisa, na vilivyobaki vilihitaji ukarabati. Mkurugenzi wa kampuni anayewaeleza wenye hisa kwamba asilimia 40 ya mitambo yake imesimama hatarudi kwenye kiti chake mkutano ujao. Kwenye taarifa za misaada vituo hivyo vilikwisha kuandikwa kuwa ni mafanikio, siku ile ya kukata utepe, na hakuna aliyeweka fungu la uchakavu.

Kuna mabadiliko, yasemwe. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, uliundwa mwaka 2019 na ndio unaosimamia vyombo vya watumia maji. Mkopo wa dola milioni 350 ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2018 kwa ajili ya maji vijijini ulipangwa kulipwa kwa matokeo: maji yakitoka, fedha zinatoka. Huo ni utaratibu anaouelewa hata muuza nyanya. Ila ni mkopo.

Hati Punguzo

Isidhaniwe kwamba misaada daima huua duka. Mwaka 2004 ulianza mpango wa Hati Punguzo. Mama mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda nayo duka la karibu, akaongeza fedha kidogo na kuchukua chandarua chenye dawa. Mwenye duka alirudisha hati kwa wakala wake na kupata chandarua kingine. Msaada ulikuwa ule ule wa wahisani, lakini ulipita kaunta ya Mtanzania, na vyandarua vikaonekana katika maduka ambayo zamani yaliuza chumvi na betri. Kiwanda cha A to Z cha Arusha nacho kilikuwa kimeanza kutengeneza vyandarua vya dawa ya muda mrefu.

Baadaye fikra zilibadilika. Zikaja kampeni za kugawa vyandarua bure, kwanza kwa watoto wadogo, halafu mwaka 2010 na 2011 kwa kila kaya. Mwaka 2014 Hati Punguzo ikasitishwa. Wenye maduka walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini mizania ina pande mbili. Hati iliwafaa zaidi wa mjini na wenye kile kidogo cha kuongeza. Ugawaji wa bure uliingia vijiji ambavyo hati haikuvifikia, na idadi ya kaya zenye chandarua ikapanda haraka. Ukimuuliza mama wa Kibondo kipi kilikuwa msaada bora, hatakujibu kwa kutaja afya ya sekta binafsi. Mimi bado naamini njia zote mbili zingeweza kwenda pamoja, bure kijijini na hati mjini. Huo ni uamuzi ambao ungefanyika Dodoma au Dar es Salaam kama fedha zingekuwa zetu.

Sisi wenyewe tukilipa

Hapo ndipo maoni ya wananchi yanapopata mtihani. Katika uchunguzi wa Afrobarometer barani Afrika, wengi husema ni heri nchi ijiendeleze kwa mapato yake, hata kama kodi itaongezeka, kuliko kutegemea mikopo ya nje. Jibu hilo linapendeza likitolewa kwa mtafiti aliyekaa barazani. Julai 15, 2021 lilipimwa kwa vitendo, tozo za miamala ya simu zilipoanza. Fedha hizo zilielezwa kuwa ni za barabara za vijijini, vituo vya afya na madarasa, yaani mambo yale yale ambayo watu huyataja. Kelele zilizopigwa kila mmoja anazikumbuka, na mawakala wa fedha za mitandao wanazikumbuka zaidi kwa sababu wateja walirudi kubeba noti mfukoni. Septemba 2021 tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 zikapunguzwa tena.

Wapo waliosema Mtanzania ni mnafiki, anataka maendeleo asiyoyalipia. Si kweli. Mtu huyo huyo hununua maji ya ndoo kwa bei inayozidi ya bomba mara kadhaa. Alichokikataa ni kukatwa mara mbili kwa shilingi ile ile, akituma na akitoa, bila kuona kituo cha afya kwa macho.

Bajeti ya mwaka 2025/26 imerudi kwenye uwanja huo kwa tahadhari zaidi. Jumla yake ni Sh. trilioni 56.49, na zaidi ya theluthi mbili inatarajiwa kutoka mapato ya ndani. Ndani yake zimo tozo mpya katika bidhaa kadhaa, mafuta yakiwamo, ili kuchangia Mfuko wa UKIMWI na Bima ya Afya kwa Wote. Sababu inajulikana. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, zinazotolewa bure nchini tangu mwaka 2004, zimekuwa zikinunuliwa kwa sehemu kubwa na Mfuko wa Dunia na mpango wa Marekani wa PEPFAR. Pampu ikisimama, mama atatembea kilomita tatu na kurudi na ndoo. Dawa ikikosekana hakuna pa kutembea. Kwa hiyo safari hii mwenye lori anayesikia bei ya dizeli imeguswa ajue walau inakwenda wapi, na awe na haki ya kuuliza mwisho wa mwaka ilifika kiasi gani.

Kwa mwekezaji mdogo

Yaliyotokea mwaka 2014 ni funzo la soko. Kutokana na sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, wahisani walizuia karibu dola milioni 500 za kusaidia bajeti. Serikali haikusimama. Iligeukia soko la ndani, na riba za dhamana za muda mfupi zikapanda hadi kuzidi asilimia 15 mwaka 2015. Aliyekuwa na fedha taslimu alivuna. Aliyekuwa akiomba mkopo benki alikuta benki ina mteja mkubwa kuliko yeye, na mzabuni wa halmashauri alisubiri malipo yake miezi na miezi. Machi 2016 Marekani ilisitisha awamu ya pili ya fedha za MCC, dola milioni 472, baada ya uchaguzi wa marudio wa Zanzibar, na makandarasi waliokwisha kujiandaa kwa kazi za umeme wakabaki na michoro.

Kwa hiyo ya kutazama kuanzia sasa ni matatu. Kwanza, kalenda ya minada ya hati fungani ya Benki Kuu. Anayeanza anaweza kushiriki kwa Sh. milioni moja kupitia benki au dalali wa soko, na mahitaji ya Serikali yakiongezeka, riba huelekea kumpendelea mkopeshaji. Pili, zabuni za Bohari ya Dawa na za RUWASA. Mwenye viwanda vya mabomba, mita na valvu, na muuza vipuri wa wilayani, wana nafasi ambayo hawakuwa nayo wakati vifaa vikishushwa bandarini kwa jina la mradi. Masharti ya malipo yasomwe vizuri kabla ya kutia saini. Tatu, dola. Fedha za miradi zilikuwa zikibadilishwa kuwa shilingi ili kulipa mishahara na pango, na aliyeagiza mzigo mwaka 2023 na 2024, dola zilipokuwa adimu benki, hana haja ya kukumbushwa maana ya kupungua kwa wauzaji. Mwenye mzigo wa kuagiza kabla ya msimu wa korosho na dhahabu kuleta fedha za kigeni azungumze na benki yake mapema.