Mimba Haisubiri Mkandarasi

Mimba hukamilika kwa majuma 40 hivi, na hakuna mhandisi awezaye kuiongezea muda. Mradi wa jengo la afya huongezewa muda, ukaongezewa tena, na kila barua ya nyongeza huwa na sababu zake zinazoeleweka. Kalenda hizi mbili hugongana panapopangwa wodi ya kina mama yenye maabara ya utafiti mahali kama Matete, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, katikati ya mashamba ya miwa na mahindi. Makala haya hayazungumzii jengo lolote mahususi la huko. Yanafuata njia ambayo miradi ya namna hii huipitia, kwa jicho la mtu ambaye kazi yake huitegemea: mtaalamu wa bayokemia anayechunguza protini na ukuaji wa mtoto tumboni.

Katika andiko la mradi, hoja ya kujenga magharibi mwa Kenya ni nzito. Malaria ipo huko mwaka mzima. Mama mjamzito anapoambukizwa, chembe nyekundu za damu zilizobeba vimelea hunasa kwenye kondo la nyuma kwa protini iitwayo VAR2CSA. Kondo likishindwa kupitisha chakula inavyofaa, mtoto huenda akazaliwa na uzito wa chini ya kilo 2.5. Kuna pia kifafa cha mimba, ambacho dalili zake za kawaida hujitokeza baada ya juma la 20: presha kufika 140 kwa 90 na protini kuonekana kwenye mkojo. Kabla ya hapo, protini zinazotolewa na kondo huwa zimeshaanza kubadilika katika damu ya mama. Kuyasoma mabadiliko hayo mapema ni kazi ambayo mtaalamu anaweza kuitumikia hadi astaafu.

Kwa hiyo mpango huahidi mengi kwa pamoja: chumba cha kliniki, wodi ya kujifungulia, mashine ya ultrasaundi, maabara, friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, nyumba za wauguzi. Muda unaotajwa huhesabiwa kama kwamba mvua hainyeshi na malipo hayachelewi. Si lazima iwe hila. Mpangaji akiandika miaka mitatu wakati mwenzake ameandika mwaka mmoja, ombi lake la fedha huenda likawekwa chini ya rundo.

Ujenzi wenyewe huanza kwa kasi. Msingi, kuta, lenta na paa vinaonekana na kila mpita njia, tena malipo ya awamu hufuata hatua hizo, basi mkandarasi huzikimbilia. Mvua za Machi hadi Mei hupunguza mwendo, lori la kokoto likashindwa kuingia. Kisha hufika Juni 30, mwisho wa mwaka wa fedha wa serikali, na hati za malipo zisizowahi tarehe hiyo huingia kwenye madeni ya mwaka unaofuata. Mkandarasi mdogo aliyekopa benki kununua mabati hawezi kukaa akingoja. Huwapeleka mafundi wake kwingine. Watu wakiona lango limefungwa husema ametoroka. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine yeye ndiye anayedai.

Kinachobaki bila kumalizwa aghalabu ni kile kisichopendeza pichani siku ya kukata utepe: maji, shimo la maji taka, stima yenye nguvu ya kutosha, jenereta na dizeli yake. Wodi inaweza kuvumilia upungufu huu kwa muda, wauguzi wakichota maji kwa ndoo na kuzalisha kwa taa ya sola, ingawa hawapaswi. Maabara haivumilii. Damu ikishatolewa hutakiwa kuzungushwa kwenye mashine na kutenganishwa ndani ya saa chache, kisha igandishwe. Stima ikipotea kwa muda mrefu na jenereta haipo, sampuli huyeyuka, na protini zinazoyeyuka na kugandishwa tena na tena huharibika. Wala sampuli ya juma la 12 haiwezi kuchukuliwa juma la 30. Ipo protini inayokuza mishipa ya damu ya kondo ambayo hupanda hadi karibu na juma hilo la 30, kisha hushuka. Mtafiti asiyeuona mwendo wote hana cha kulinganisha. Ruzuku ya utafiti ikiwa ya miaka mitano na jengo likachelewa miwili, mwanafunzi wa uzamifu hubadilisha mada, na sampuli zinazopatikana husafirishwa kwa barafu hadi mjini. Machapisho ya mtaalamu huyo baadaye hayataonyesha maswali aliyoyaacha kwa kukosa transfoma.

Gharama nazo hukua kwa njia ambazo nyingi si fumbo. Makadirio huandikwa mwaka huu, mkataba hutiwa saini mwaka kesho, na bei ya saruji na chuma haikusimama. Friza huagizwa ng'ambo kwa dola. Udongo uliopimwa kijuujuu hudai msingi wa kina zaidi. Lakini kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba orodha ya vifaa na michoro ya jengo huandaliwa kwenye meza mbili tofauti, hivyo friza inakuwa na bajeti na laini ya stima haina. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 hairuhusu mabadiliko yote ya mkataba yapandishe bei kwa zaidi ya asilimia 25. Kinachozidi hapo hutangaziwa zabuni peke yake. Ni kinga ya fedha za umma, na ni miezi mingine ya kungoja.

Hati ya kukabidhi jengo hushuhudia kwamba kazi iliyomo mkatabani imefanywa. Haisemi mlango utafunguliwa saa ngapi. Mkandarasi huzuiliwa sehemu ya malipo yake hadi muda wa kurekebisha kasoro upite, lakini anayepaswa kuleta muuguzi, fundi wa maabara na kemikali za vipimo hazuiliwi chochote. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2016 unapendekeza mjamzito aonane na wahudumu mara 8. Kwa mama anayetoka upande wa Lwandeti, huko huko Matete, hizo ni nauli 8 za bodaboda kwenda na 8 kurudi, na akiambiwa mara moja tu kwamba mwenye ufunguo yuko semina, ataifikiria sana safari inayofuata.

Vitu vinavyoweza kumfikia kwanza ni vidogo: kipimo cha presha, utepe wa kupimia tumbo, kijiti cha kupimia protini kwenye mkojo. Havihitaji transfoma. Mradi ukivipa tarehe yake pekee, kliniki ikaanza katika chumba kimoja kilichokwisha huku maabara ikiendelea kujengwa, akina mama husajiliwa mapema na daftari huanza kujaa, hata kama friza bado iko bandarini.