Je, Wajua? Kidonge Kinachonuka Siki

Je, wajua kwamba kidonge cha aspirini kinachonuka siki kimekwisha kuharibika? Baadhi ya wanafunzi wa kike wa mabwenini, ambao hujitibu maumivu ya hedhi bila ushauri wa mfamasia, huweka vidonge mkobani au karibu na bafu, ilhali dawa nyingi hutakiwa kukaa pakavu, katika joto lisilozidi nyuzi 30 za Selsiasi. Unyevu huivunja aspirini kuwa asidi ya salisili na asidi ya asetiki, yaani ile iliyomo katika siki. Aidha, parasetamoli, ambayo kwa mtu mzima haipaswi kuzidi gramu 4 kwa saa 24, imo pia katika dawa nyingi za mafua, hivyo anayemeza zote mbili huweza kudhuru ini lake bila kujua.