Oscar 1940: Hattie McDaniel alishinda, lakini alikalishwa pembeni

Tarehe 29 mwezi wa pili 1940, mjini Los Angeles huko Marekani, mwanamke mweusi alisimama mbele ya wakubwa wa sinema na kupokea tuzo ya Oscar. Jina lake Hattie McDaniel. Kabla yake hakuna mweusi hata mmoja aliyekuwa ameshinda tuzo hiyo. Lakini ile jioni, wenzake wa filme walikaa pamoja, na yeye akapewa meza ndogo kando ya ukuta.

Nani walishinda?

Ilikuwa sherehe ya 12 ya Oscar. Filme iliyotamba ni Gone with the Wind, inayoonyesha matajiri wenye watumwa wakati Wamarekani walipopigana wao kwa wao. Ilipata tuzo ya filme bora, Victor Fleming akawa mwongozaji bora, na Vivien Leigh mcheza bora wa kike. Kwa wanaume alishinda Robert Donat, kwa filme ingine. McDaniel alipata tuzo ya mwanamke mwenye nafasi ya kusaidia: alicheza Mammy, mtumwa wa nyumbani. Wazazi wake mwenyewe walikuwa wamezaliwa utumwani.

Sababu gani pembeni?

Hoteli Ambassador, ambamo sherehe ilifanyika, haikupokea weusi. David Selznick, mwenye kutengeneza ile filme, alilazimika kuomba ili McDaniel aruhusiwe kuingia. Mwezi wa 12 1939, filme ilipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Atlanta, hakwenda, ju ya sheria za kutenganisha wazungu na weusi.

Weusi nao hawakuwa na sauti moja. Wengi walifurahi. Lakini viongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki zao, walimlaumu eti kila mara anakubali kucheza mtumishi. Yeye alijua ile kazi: kabla ya sinema, alifanya kazi mu nyumba za watu ili apate kuishi.

Nini kilifuata?

Ile siku gazeti Los Angeles Times lilitoa majina ya washindi kabla hayajatangazwa. Ndiyo maana tangu 1941 majina yanafungwa ndani ya bahasha mpaka dakika ya mwisho.

Kwa McDaniel, tuzo haikufungua milango yote. Aliendelea kupewa nafasi za mtumishi. Alipokufa mwaka wa 1952, aliacha ombi azikwe kwenye makaburi ya Hollywood. Walikataa, sababu alikuwa mweusi. Mwanamke mweusi wa pili kushinda Oscar ya uchezaji ni Whoopi Goldberg, mwaka wa 1991, kisha miaka 51.

McDaniel aliachia tuzo yake chuo kikuu cha Howard, mjini Washington, lakini ilipotea kule. Mwaka wa 2023 wenye kutoa Oscar walikipa chuo hicho ingine mahali pake.