Mwenyeji, mgeni na mukuyakuya: maneno matatu ya Katanga

Anayesikiliza mazungumzo ya watu wa Lubumbashi, sokoni, kilioni au garini kuelekea Katuba, hatakawia kusikia lalamiko hili: mji umebadilika, adabu imepungua, Kilingala kimeingia hata ibadani, na wenye lawama ni wale waliokuja. Akiwasikiliza hao waliokuja, atasikia mengine: kwamba hapa watu hukukaribisha kwa maneno matamu, kisha baada ya miaka thelathini bado wanakuuliza umetoka wapi. Makala haya hayakusudii kuamua kati ya pande hizo mbili. Tungependa tu kuyachunguza maneno ambayo kila upande huyatumia kumtaja mwenziwe, kwa maana tunadhani ugomvi wenyewe umekwisha kuandikwa ndani ya maneno hayo.

Tuanze na Kiswahili jinsi tunavyokifundisha darasani. Mwenyeji na mgeni ni maneno mawili yanayokwenda pamoja kama baba na mwana: hakuna mwenyeji pasipo mgeni wa kumpokea. Mwenyeji si mtu aliyezaliwa mahali tu. Ni mtu mwenye wajibu. Zaidi ya hayo, neno hili lina daraja. Mtu aliyehamia mjini aweza kusema, baada ya muda, “sasa nimekuwa mwenyeji”, maana yake amezizoea njia, anajua duka lipi lina unga na jirani yupi ana ugonjwa. Hakuna anayemcheka. Wazee wa pwani walitwambia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Na mtu aliyepewa jembe amekwisha kuingia katika hesabu ya nyumba. Kwa kifupi, ugeni katika Kiswahili ni hali ipitayo.

Katika Kiswahili cha Katanga mambo ni tofauti. Mgeni yupo, bali ni yule aliyekuja kutusalimu na ambaye kesho atarudi. Aliyekuja akakaa huitwa mukuyakuya, na wakiwa wengi, bakuyakuya. Muundo wa neno ni rahisi: kitenzi kuya, yaani kuja, kimerudiwa mara mbili na kupewa kiambishi cha watu. Lakini msomaji akumbuke kazi ya kurudia kitenzi katika lugha yetu. Kutembeatembea ni kutembea bila kufika mahali. Kusemasema ni kusema bila mwisho wala maana. Vivyo hivyo mukuyakuya ni mtu ajaye na kuja tena, asiyefika kamwe. Apewe jembe, apewe nyumba, azae watoto na kuzika wazazi wake katika ardhi hii, neno lamwacha njiani. Na upande wa pili wa jozi umebadilika pia. Mahali pa mwenyeji pameshikwa na neno la Kifaransa la maofisini, originaire, ambalo halina wajibu wowote wa kumpokea mtu.

Je, nani aliyekuja Katanga? Swali hili, likiulizwa kwa uaminifu, humwacha mtu na jibu refu. Bayeke wa Bunkeya walitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, katikati ya karne ya 19, wakiongozwa na Msiri, ambaye aliuawa mwaka 1891 na watu wa msafara uliotumwa kwa ajili ya Leopold II. Elisabethville yenyewe, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilianzishwa mwaka 1910, wakati reli kutoka kusini ilipofika. Wafanyakazi wengi wa kwanza wa Union Minière walitoka Rhodesia ya Kaskazini na nchi jirani zilizotawaliwa na Waingereza. Kisha, katika miaka ya 1920, kampuni ilipotaka wafanyakazi wa kudumu, wenye wake na watoto, iliwatafuta Kasai na Lomami, na hata Ruanda-Urundi. Mji huu haukuvamiwa na wageni, ulijengwa nao. Hao walipewa jembe siku ya kwanza, bila kungojea ya tatu.

Kiswahili nacho kina safari yake. Wengi wetu tuliambiwa shuleni kwamba kililetwa na wafanyabiashara wa mashariki. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha kwamba jambo halikuwa jepesi hivyo: kuenea kwake migodini kulitokana sana na uamuzi wa wakubwa, ambao hawakupenda wafanyakazi wao waelekee kusini, kwa Waingereza, kwa lugha na kwa fikira. Watu wakakipokea, wakakifanya chao. Tazama neno bukari. Ni ugali ule ule, ila umepitia katika vinywa vya wasemaji wa lugha kama Kibemba, ambacho hakina sauti ya g isipotanguliwa na n. Kwa hiyo g imekuwa k, na kiambishi bu- kimesimama mbele. Na unga wake ulizoeleka katika kambi za wafanyakazi kwa njia ya posho ya kampuni. Hivyo chakula ambacho mzee wa Kamalondo atakitaja kwanza akiulizwa “cha kwetu ni nini” kina jina lililotoka mashariki, matamshi yaliyoumbwa na watu wa kusini, na mkono wa kampuni ya Wazungu katika kukieneza. Tungeweza kusema hayo hayo juu ya gitaa la Jean-Bosco Mwenda, mtu wa Bunkeya aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville mwaka 1952, na ambaye leo tunamsikiliza kama babu yetu sote.

Hata hivyo si haki kumdhihaki mzee huyo. Historia ya neno haimwondolei mtu uchungu wake. Wakaaji wa zamani waliona kwamba kazi za ukarani na za ufundi, ambazo zilitaka shule, zilishikwa sana na watu wa Kasai. Katika uchaguzi wa mitaa wa Desemba 1957, viti vya mameya wa mitaa ya Waafrika ya Elisabethville vilichukuliwa na watu waliotoka nje ya Katanga. Mwaka uliofuata chama cha Conakat kikaundwa ili kuwatetea “Wakatanga halisi”. Rais wake wa kwanza, Godefroid Munongo, alikuwa mjukuu wa Msiri. Hatusemi hivyo kwa kumsuta. Tunataka kuonyesha tu kwamba vizazi viwili au vitatu vilitosha kumtoa mtu katika ujaji na kumweka katika uhalisi, na kwamba daraja lile la Kiswahili cha zamani, “nimekuwa mwenyeji”, lilikuwa likifanya kazi wakati ule ule lilipokuwa likikanushwa.

Hofu ya Kilingala nayo si ndoto. Lugha hiyo ilikuja na jeshi, ikaja na muziki wa Kinshasa, na baada ya 1971, Kitivo cha Fasihi kilipowekwa Lubumbashi, ikaja na wanafunzi waliotoka pande zote za nchi. Kijana wa leo aitaye sombe pondu hana nia mbaya. Lakini bibi yake husikia mlango ukifungwa. Sisi wenyewe, tuliozaliwa Katuba, tumeshuhudia mezani binti akisema pondu na bibi akikataa kupitisha sahani mpaka neno lisahihishwe. Tulicheka wote. Bibi hakucheka.

Lakini lipo neno la tatu, na juu yake hakuna kucheka. Katika miaka ya 1991 hadi 1993, jimbo likiitwa bado Shaba, watu wa asili ya Kasai walianza kuitwa bilulu, yaani wadudu. Mwanaisimu ataona mara moja yaliyotendeka. Mukuyakuya, pamoja na ubaya wake, yumo katika ngeli ya watu. Anachukua mu- na ba-, anasema, anakula, anaugua. Kilulu yuko ngeli ya vitu. Kiambishi kimoja kilipobadilishwa, majirani walitolewa katika sarufi ya wanadamu, na mdudu hafukuzwi kwa hoja. Kule Likasi maelfu walilala siku nyingi kwenye stesheni wakingoja treni, na mwaka 1993 zamu ikawa ya Kolwezi. Wengi walikufa stesheni na njiani, watoto hasa.

Waliofika Kasai hawakufika kwao. Wengi walikuwa wamezaliwa Likasi au Kolwezi, wengine wazazi wao pia, na hawajawahi kuiona nchi ambayo waliambiwa warudi. Watoto walisema Kiswahili. Chakula chao kiliitwa bukari, na hapo Mwene-Ditu au Mbujimayi kiliitwa nshima. Majani yao ya muhogo yalikuwa na jina lisiloeleweka. Waliofukuzwa Katanga kwa kuwa si Wakatanga walitambulikana huko kwa Ukatanga wao. Baadhi walirudi baadaye, wakaingia tena katika mitaa yao, mara nyingine karibu na nyumba zilizokuwa zao, na jirani aliyewapokea aliwaita, kama desturi, bakuyakuya.

Tangu 2015 jimbo la zamani limegawanywa mara nne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Migodi ya Lualaba imewavuta watu wengi Kolwezi, na miongoni mwao wamo wana wa Lubumbashi na Likasi, ambao baba zao mwaka 1992 walijiita Wakatanga halisi. Anapoomba kazi huko, kijana wa namna hiyo hukuta fomu yenye mahali pa kuandika jimbo la asili. Anaandika Haut-Katanga. Karani husoma, kisha humtazama, na kumuuliza kwa Kiswahili kile kile cha bukari na sombe: “Alors, wewe ulikuya lini?”