Je, Wajua? Mgomba Wenye Jeni za Pilipili Hoho

Mgomba, ambao wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria wameuhesabu miongoni mwa miti tangu dahari, si mti hasa, kwani shina lake ni maganda ya majani yaliyofungamana. Na huko Kawanda, Uganda, wataalamu wameutia jeni za pilipili hoho ili uhimili mnyauko, maradhi ya bakteria yaliyobainika nchini humo mwaka 2001 na kuvuka hadi Kagera, Tanzania, mwaka 2006. Dawa hayana. Mwanza, ipokeayo shehena za ndizi kwa meli kutoka Bukoba, ina kila sababu ya kutega sikio.

Ndizi tulazo hazina mbegu, hivyo ni shida jeni hizo kuhamia shamba la jirani. Lakini mgomba huzaliwa kwa chipukizi la mamaye: shamba zima nasaba moja, na bakteria akipata hila ya kuushinda mmoja, ameishinda yote.

Si mgomba pekee uliotiwa jeni: Brazil iliidhinisha mkaratusi wa namna hiyo mwaka 2015, ukuao upesi. Mwenye mbao alifurahi. Mwenye mizinga alihofu, maana nyuki haliombi ua cheti.

Tanzania ilijaribu mahindi yaliyotiwa jeni, Makutupora, Dodoma, mwaka 2016. Migomba, bado.