Kwa nini spika hupiga mluzi gitaa kavu linapopigwa

MWIMBAJI anayetumbuiza peke yake kwa gitaa kavu katika baa au hoteli ndogo hana bendi ya kumfichia kasoro. Spika zikipiga mluzi mkali, wateja hukereka, naye huenda asialikwe tena.

Chanzo chake ni mzunguko wa sauti. Sauti itokayo kwenye spika hurudi katika maikrofoni, hukuzwa na amplifaya, kisha hutoka tena ikiwa kubwa zaidi. Gitaa kavu lililounganishwa na mitambo huongeza tatizo, kwani sanduku lake lenye uwazi hutetemeshwa na sauti hiyo hiyo.

Tiba yake si ya gharama kubwa. Spika ziwekwe mbele ya mwimbaji, zikiwaelekea wateja. Maikrofoni iwe karibu na mdomo ili nguvu ya amplifaya ipunguzwe. Tundu la gitaa nalo laweza kuzibwa kwa kifuniko cha mpira.

Ukumbi ukiwa mdogo sana, mitambo huenda isihitajike kabisa. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alitegemea gitaa moja: gumba likipiga besi, kidole cha shahada kikipiga sauti za juu.

Muhimu ni kufika mapema na kujaribu sauti kabla wateja hawajaingia.